Kitanda Kilicholeta Watu

Kinyaa changu kilianzia miguuni. Kwenye makumbusho yetu ya mtaa wa Shela, hapa Malindi, mgeni huvua viatu mlangoni, na mimi ndimi nivilindaye. Ndimi nikataye tiketi na kubonyeza kile kidude cha kuhesabia watu. Nimeona nyayo za kila taifa: zilizopasuka, zilizopakwa mafuta ya jua yanayonuka nazi ya uongo, zilizofungiwa ndani ya soksi tangu Nairobi. Zote huacha alama sakafuni, na jioni huzipiga deki mimi, Masha, mwana wa mkulima wa mahindi wa kijiji cha Adu, niliyeambiwa kwamba kazi ya makumbusho ni kazi ya heshima.

Miaka ya kwanza hakuja mtu. Walikuja mbuzi wa jirani kutafuta kivuli, na wapita njia kutafuta choo. Msimamizi wetu, Harith, alinitaka niwabonyeze hata hao wa choo.

"Ameingia au hakuingia?" alikuwa akiniuliza.

"Ameingia, lakini hakutazama kitu."

"Basi ni mgeni. Kutazama ni hiari yake."

Harith ni mzaliwa wa mtaa huu, mpole wa maneno, kanzu yake ya Ijumaa haijawahi kuonekana na doa. Maradhi yake yalikuwa hesabu. Kila asubuhi, kwa chai na mahamri, alifungua simu akanisomea makumbusho ya dunia yameingiza watu wangapi. Ile kubwa ya Paris, zaidi ya milioni nane kwa mwaka. London hivi, Roma hivi, Wachina nao wanakuja mbio. Alizifuata kama vijana wafuatavyo mpira, akifurahi huyu akipanda na kuguna yule akishuka. Siku moja aliniambia, uso umemkunjuka kabisa, kwamba wakati wa korona Paris ilipoteza zaidi ya nusu ya wageni wake, na sisi hatukupoteza hata mmoja. Nikamwambia asiye na kuku haogopi kicheche. Hakucheka.

Kisha kikaja kitanda, na watu wakaja. Lakini kitanda hakisemeki bila Bi Fatu.

Bi Fatu binti Stambuli alizaliwa mtaa huu huu, akaolewa mtaa huu huu, akafiwa na mume aliyekuwa fundi wa mitambo ya barafu kule sokoni. Alipotoka eda, Bi Afiya, mwosha maiti wa wanawake hapa Shela, alimjia barazani akamwambia, "Uchungu unao na mikono unayo. Njoo unisaidie." Tangu siku hiyo wakawa wawili. Mtaa ukifiwa na mwanamke, wao ndio walioitwa, na majani yao ya mkunazi na kafuri yao, wakamwosha, wakamvika sanda, wakarudi makwao bila kusimulia walichokiona.

Kwa riziki, Bi Fatu alikaanga bajia za kunde. Walikuwako wasiozila. Walipita wakiitazama ile mikono, wakasema wameshiba, na wengine wakapangusa viganja kwenye nguo zao baada ya kumwamkia. Watu hao hao wakifiwa alfajiri, mlango wa kwanza kuugonga ni wake. Mimi waliniudhi mno. Yeye aliwacheka tu. "Wacha wasile," alikuwa akisema. "Mwosha huoshwa, na asiyezila bajia zangu nitamwosha na njaa yake."

Kitanda cha kuoshea kilikuwa cha wakfu, mali ya mtaa mzima. Matendegu yake yamechongwa na fundi ambaye hata wajukuu zake wameshakufa, na kimewambwa kwa kamba za makumbi zilizoachana, ili maji yapite yashuke chini. Kamba zikichakaa, Bi Afiya na Bi Fatu walikiwamba upya kwa mikono yao, na hakuna mwingine aliyejua kukiwamba hivyo. Kibanda kilimowekwa kilipoanguka, Bi Fatu alikihamishia kwake, akakisimamisha ukutani chumba cha nyuma, akakifunika leso.

Hapo ndipo Harith alipokuja. Alikuwa akizunguka nyumba za mtaa akiomba vitu vya kale vya makumbusho, na siku aliyofika kwa Bi Fatu ilikuwa siku ya harusi. Mjukuu wake alikuwa ndani, nyuma ya pazia, mikono na miguu imejaa hina mbichi, nyumba imejaa wanawake. Harith akasimama uani, akachungulia chumba cha nyuma, akaiona ile leso na matendegu yaliyotokeza.

"Bi Fatu, na hiki ni kitanda cha nini?"

Wanawake wote wakatazama pazia. Biarusi akiwa na hina mwilini, kutaja mauti mbele yake ni kumtakia mabaya, na kumwambia kwamba amelala nyumba moja na kitanda cha maiti ni kumvunjia ndoa kabla haijafungwa. Bi Fatu akaivuta leso ikafunika matendegu.

"Kitanda cha biarusi," akasema.

Mmoja wao, kwa kuokoa jahazi, akapiga kigelegele. Harith akauliza kama anaweza kukiazima kwa maonyesho ya siku chache. Bi Fatu akaona bora kitoke humo ndani upesi kabla mtoto hajauliza mengine. Akasema kichukue, siku chache. Kikatoka mbele ya macho ya wanawake wote, na wasiojua wakakitupia mchele na asumini.

Zile siku chache hazikuisha. Harith alikiweka chumba cha ndani, akakiandikia kibao, akamfundisha mwongozaji wa wageni maneno ya kusema: kwamba biarusi wa kale alilazwa juu ya kamba hizi, udi ukafukizwa chini, moshi ukapenya kati yake ukamnukisha mwili mzima. Maneno matamu, na si mbali na mila. Kijana mmoja wa Nairobi na mchumba wake wakalala juu yake, wakapiga picha, wakaitia mtandaoni. Ikazuka habari kwamba alalaye hapo na mpenzi wake hufunga ndoa kabla ya mwaka kwisha. Desemba hiyo foleni ilifika nje, ikapinda kona ya duka la mkaa.

Sijapata kuona watu wakilala mahali kwa pupa namna ile. Walijitupa. Walikumbatiana, jasho likadondoka kati ya kamba. Mmoja alilala na chipsi zake kifuani, akazila huku akipigwa picha, akafutia vidole kwenye tendegu. Jioni nilipoinama na ufagio nilikuta ubani wa kutafuna umebandikwa chini ya mbao, wa rangi zote, mwingine bado una alama za meno. Nilikuwa nikiubandua kwa kisu, mmoja mmoja. Na wakati huo sikujua bado kitanda ni cha nini.

Niliambiwa na Bi Fatu mwenyewe. Alikuja Ijumaa moja kukitazama, akasimama pembeni na buibui lake, akamwona msichana amelala kifudifudi akirusha miguu hewani huku mwenzake akimwambia acheke zaidi. Bi Fatu akatoka hadi mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Masha, nipe maji."

Nikampa. Akayanywa, kisha akanieleza yote, kwa sauti ndogo, jicho liko kwenye foleni. Nikatazama viganja vyangu vilivyobandua ule uchafu. Sisi kwetu Adu koma, roho za wazee waliokufa, hawachezewi. Kigango, ule mti uliochongwa wa kumkumbuka mzee wako, hukiegemei hata ukichoka vipi, na mtoto akikirukia hutandikwa. Nikamwuliza kwa nini asikichukue leo leo. Akasema amemwomba Harith mara nyingi, na kila mara jibu ni baada ya msimu. Msimu wa Wataliano ukiisha waja wa shule, wa shule ukiisha ni Pasaka.

Huenda angeendelea kuvumilia hivyo hivyo. Mtaa ulikuwa umepata meza mpya ya chuma ya kuoshea, yenye bomba na tundu la maji, na imamu amesema wazi kwamba maiti haoshwi na kitanda, huoshwa na maji. Bi Fatu hakumpinga. Lakini Bi Afiya akaugua. Sukari ilimla mguu, kisha ikapanda. Siku niliyompelekea mtungi wa gesi nilimkuta amelala, Bi Fatu akimpepea, nami nikayasikia maneno yake kwa masikio yangu.

"Usiniweke kwenye ile meza, Fatu. Ile ni meza ya samaki. Mamangu alioshwa kwenye kamba, na wanawake wa mtaa huu nimewaosha kwenye kamba. Nami nataka zile kamba."

"Utazipata," akasema Bi Fatu. "Mimi ndimi niliyekitoa. Nitakirudisha."

Akaja makumbusho siku iliyofuata, akakata shauri kusema kweli mbele ya watu. Alidhani, kama ambavyo mimi nilidhani, kwamba wakijua walilalia nini watakimbia wenyewe, na kitanda kisicho na wa kukilalia Harith atakitoa bila kuombwa. Lakini kwanza akamwambia Harith faraghani, kwa adabu, maana ni mtoto wa mtaani kwake. Mimi nilikuwa nikipanga viatu kando ya mlango wa ofisi.

"Harith mwanangu, nina neno la aibu. Kile kitanda si cha biarusi. Nilikwambia vile kwa ajili ya mtoto."

"Najua, Bi Fatu."

"Wajua nini?"

"Ni cha kuoshea. Mamangu alipofariki, kabla wewe hujaanza kuosha, mimi na ndugu yangu ndio tuliokibeba kukileta nyumbani, na ndio tuliokirudisha. Ningekosaje kukijua?"

Mimi nilikuwa nimeshika kiatu cha mtu, nikakiacha kikaanguka.

"Na siku ile uliniuliza ni cha nini."

"Nilikuuliza mbele ya biarusi," akasema Harith, bila hata kuinamisha kichwa. "Nilijua hutajibu vingine. Ungekitaja kwa jina lake, wenye mtaa wasingekubali kitoke. Bi Fatu, tazama ile foleni. Watu hawa wasingekuja kuangalia sahani na vinara."

Ningeweza kumsamehe mtu asiyejua. Huyu mama yake mzazi alilazwa pale, maji yakapita kati ya zile kamba, na kila asubuhi alifungua mlango akawakaribisha watu waruke juu yake, kisha akanywa chai na kunisomea hesabu za Paris. Tangu siku ile mahamri yake sikuyagusa tena.

Bi Fatu akaondoka ofisini akaingia moja kwa moja chumba cha ndani. Kulikuwa na familia kutoka Nairobi, vijana wa chuo kutoka Kilifi, na Wataliano wawili na mwongozaji wao. Akaweka mkono juu ya tendegu.

"Sikizeni. Kitanda hiki ni cha kuoshea maiti. Nimeosha wafu juu yake mimi kwa mikono hii. Mliolala, mmelala walipolala wafu. Basi tokeni, mkaoge."

Mwongozaji akawanong'oneza Wataliano, mmoja wao akavuta mkono wake kwa haraka. Nikasema moyoni, yamekwisha. Kisha kijana mmoja wa chuo akatoa simu mfukoni.

"Maiti wenyewe, mama? Wa kweli? Hebu rudia tena, nilikuwa sijawasha."

Kufikia Jumapili foleni ilikuwa imepita duka la mkaa ikafika kwenye kinyozi. Harith akabadilisha kibao. Akanunua shuka nyeupe, akaziweka pembeni kwa wanaotaka. Wakawa wanalala kama maiti, mikono kifuani, macho wamefumba, na wenzao wanajiliza pembeni kwa ajili ya video, kisha wote wanaangua kicheko. Mwanamke mmoja alimlaza mtoto wake mchanga. Mchanga, wallahi, na shuka juu. Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro, nikarudi nikaendelea kubonyeza.

Bi Fatu hakuja tena. Alibaki kwa Bi Afiya, akimgeuza na kumpaka mafuta, na kila alipoulizwa habari ya kitanda akasema kinakuja.

Bi Afiya akafariki asubuhi, siku ya mabasi ya shule. Mazishi yalipangwa kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi, maiti haangojeshwi. Bi Fatu akaja na leso yake imekazwa kiunoni, akamtaka Harith atoe kitanda. Harith akamwambia pole, akasema inna lillahi, akasema kila kinachofaa kusemwa. Halafu akasema mabasi yameshavuka Kilifi, watoto wamelipiwa, na kitanda cha zamani vile kikipita mlango ule mwembamba huenda kikavunjika. Tukishafunga jioni atakitoa mwenyewe.

"Jioni atakuwa ameshazikwa," akasema Bi Fatu.

"Basi ile meza mpya, Bi. Imamu amesema ni sawa."

Bi Fatu akageuka. Alinipita mlangoni bila kunitazama. Nikadhani ameshindwa, na nikaona haya kuwa nimesimama pale na kidude changu mkononi.

Saa chache baadaye uchochoro ukajaa mabuibui. Wanawake wa Shela walikuwa wanakuja, hawasemi, wamebeba ndoo, mabeseni, majani ya mkunazi, ubani kwenye chetezo. Nyuma yao wanaume wanne wamebeba jeneza la msikiti. Wageni wakasogea ukutani. Walimu wakawavuta watoto. Jeneza likafika mbele yangu, na Bi Fatu akiwa mbele yake.

"Shikamoo, Bi Fatu."

"Marahaba. Kitanda kimekataa kuja kwa Afiya. Afiya amekuja kwa kitanda."

Harith akatoka mbio akasimama katikati ya mlango. Alitaka kusema kitu. Lakini mbele yake kulikuwa na jeneza, na aliyekuwa ndani ndiye aliyemwosha mama yake, na wanawake wote wale walilijua hilo. Hakuna aliyemkaripia. Walimngoja tu. Akasogea.

Wanaume wakaliweka jeneza chumba cha ndani wakatoka. Wanawake wakawatoa wageni waliokuwamo, wakafunga mlango, wakatundika leso madirishani. Mimi nikasimama nje ya mlango huo, nikaupa mgongo. Nilisikia maji. Yalimwagwa, yakapita, yakashuka kwenye mabeseni, kisha yakamwagwa tena, polepole. Nikanusa kafuri. Huku nje, mwanamume mmoja mwenye kofia ya majani aliniuliza kama wataruhusiwa kuingia kidogo tu, kwa vile amelipa na kesho anasafiri. Nikamwambia akiugusa mlango huu nitamvunja mkono. Alikwenda kunishtaki kwa Harith, na Harith, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi, hakumgeukia.

Walipomaliza, Bi Afiya alitoka amevikwa sanda, wanaume wakalipokea jeneza, uchochoro mzima ukaenda naye. Nilifikiri Bi Fatu amekwenda nao hadi nyumbani kama wanawake wengine. Nilipoingia na ndoo ya deki nikamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kisu cha kukatia vitunguu vya bajia mkononi. Alikuwa anakata kamba. Alianza kichwani, akafuata mfumbati, ile mbao ya ubavuni, fundo kwa fundo, na kamba zilizolowa zilianguka sakafuni kwa kishindo kidogo. Hakuwa na hasira. Alifanya kama mtu anayefumua mshono wake mwenyewe ili nguo ikae vizuri.

Harith alifika mlangoni, akaona matendegu manne na mbao nne, na kati yake hakuna kitu.

"Bi Fatu, nani atakiwamba tena?"

"Waliojua kukiwamba ni wawili," akasema. "Mmoja amepita hapo mbele yako."

"Na wewe?"

"Mimi mikono imechoka."

Akazizoa zile kamba zote, akazitia kwenye gunia, akaniomba nimsaidie kulibeba. Lilikuwa zito kwa maji. Tukatoka nalo, tukapita kwenye rundo la viatu vya wageni, tukapita watoto wa shule waliokuwa wamejipanga ukutani. Bombani akasimama akanawa mikono hadi viwikoni, taratibu, na mimi nikamshikia leso.

"Bi," nikamwuliza, "na siku yako je? Utaoshewa wapi?"

Akaichukua leso akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Kwenye chuma, mwanangu," akasema. "Kama samaki."